Boa wangu kazaa viza 19 na vitoto hai 6 tu. Tatizo ni dume, jike au joto?

#1 Gamba Jipya
Wakuu salaam. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Nina jozi ya nyoka aina ya boa imperator. Jike ana miaka mitano, urefu unakaribia mita 2, rangi ya kawaida. Dume ni motley (aina ya michoro ya kurithi), miaka miwili na nusu, mwembamba ila mchangamfu. Ili kuwaandaa kupandana, nilishusha joto la usiku hadi nyuzi 21 au 22 kwa miezi miwili hivi, mchana likabaki 28, kisha nikawaweka pamoja. Nimewakuta wamefungana mikia zaidi ya mara moja. Baadaye jike akavimba katikati ya mwili kwa siku moja, uvimbe ukashuka, wiki kama mbili na nusu mbele akajivua gamba. Tangu gamba hilo hadi kuzaa ni miezi mitatu na nusu na ushee. Hadi hapo sikuona kasoro.

Juzi kazaa. Vitoto hai 6, viwili vimekamilika lakini vimefia ndani ya utando, na viza 19, yaani mayai yasiyokua kuwa vitoto. Mama mzima, anakunywa maji, ametulia.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kusoma matokeo haya. Viza 19 ni vingi mno kwangu kusema ni bahati mbaya tu.

#2 Mpita Njia
Pole mkuu. Mimi si mfugaji ila napenda nyoka. Hayo mayai 19 kwa nini usingeyaweka kwenye mashine ya kutotolea? Nimeona watu wanaangua mayai ya chatu kwa kuyatunza kwenye nyuzi 31 hivi.

#3 NyokaSiAdui
@Mpita Njia hapo umechanganya. Chatu anataga, anajizungusha kwenye mayai yake, na mfugaji akitaka anayachukua na kuyaangua. Boa hatagi. Vijusi vyake vinakulia tumboni mwa mama, kila kimoja ndani ya utando mwembamba pamoja na kiini chake, na siku ya kuzaliwa kitoto kinautoboa utando na kutambaa zake. Hivyo vya mkuu havina ganda. Ni madonge ya njano yanayoteleza, mengine magumu kama nta. Ni mayai ambayo mbegu haikuyafikia au iliyafikia yakaharibika mapema sana. Hakuna mashine ya kuyaokoa.

@Gamba Jipya, viza vilikuwa laini vya njano, au vimekauka na kuwa vya kahawia?

#4 Gamba Jipya
Laini, vya njano, karibu vyote vinalingana ukubwa. Vitatu tu vilikuwa vigumu.

#5 FundiThamostati
Mimi naanzia kwenye joto, na nitakaa hapo hapo.

Umesema usiku 21 hadi 22, mchana 28. Swali langu ni moja: ulipima wapi? Kihisio cha thamostati (kifaa cha kudhibiti joto) kikining'inia hewani kinakusomea joto la hewa. Kikiwa chini ya substrati (matandiko ya kizimba) kinakusomea joto la mkeka wa kupashia. Nyoka mwenyewe analala juu ya sakafu, na hapo joto linaweza kupishana na ulichosoma kwa nyuzi nne au tano. Nimeona vizimba ambavyo mwenyewe anaapa usiku ni 22, ukielekeza kipimajoto cha miale pale nyoka alipojikunja unakuta 26. Dume aliyelala kwenye 26 msimu mzima hakupata baridi yoyote. Atampanda jike, mikia itafungana, lakini mbegu zitakuwa chache au dhaifu. Kupandana ni tabia, kurutubisha ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna upande wa pili. Je, dume na jike walipoa kwa pamoja, au dume aliletwa kutoka kizimba chenye joto akawekwa kwa jike aliyepoa?

#6 Bi Mwanana
Namheshimu sana FundiThamostati, kanisaidia mara nyingi humu, ila kila nyoka akikohoa kwake ni thamostati 😀

Viza laini vyenye ukubwa unaolingana vinaniambia kwamba mayai yalipevuka vizuri na yalitoka kwa pamoja, ila mbegu hazikuwepo za kutosha saa hiyo. Hili ni suala la wakati. Jike wa boa anaanza kujaza vifuko vya mayai wiki nyingi kabla ya kuyatoa, na watu wengi wanaona mapenzi yamepamba moto mwanzoni, wanaridhika, wanamtoa dume. Mayai yanapokuja kutoka, dume yuko kizimba kingine anakula panya wake. Kweli jike anaweza kutunza mbegu, lakini mbegu zilizokaa si sawa na mbegu za juzi.

Mwanangu Gamba Jipya, dume ulimtoa lini ukilinganisha na ule uvimbe wa katikati, yaani wakati mayai yalipotoka?

#7 Gamba Jipya
Shukrani Bi Mwanana, na wewe FundiThamostati.

Walipoa chumba kimoja, vizimba viwili vinavyofanana. Kihisio kiko sakafuni upande wa baridi. Dume nilimtoa wiki tatu au nne kabla ya uvimbe. Alikuwa amegoma kula tangu awekwe na jike, akaanza kukonda hadi uti wa mgongo unaonekana, nikaona afya yake kwanza.

#8 Bi Mwanana
Wiki tatu au nne. Basi mimi nimeshapata jibu langu. Kumtoa anayekonda ni sawa kabisa. Ninavyofanya mimi ni kumtoa, kumpumzisha, kumlisha mlo mdogo akikubali, kisha kumrudisha kwa siku chache kila baada ya muda hadi nione uvimbe.

#9 KingoWaPori
Wote mnamzungumzia dume. Tumtazame mama basi.

Miaka mitano na mita 2 kwa imperator ni sawa kwa karatasi. Lakini alifikaje huko? Boa aliyelishwa panya mkubwa kila wiki tangu utotoni anafika urefu wa kuzaa haraka, ila ndani amejaa mafuta, na jike mwenye mafuta mengi ana tabia ya kutoa viza. Jike wangu wa kwanza nilimsubiri hadi nilipochekwa na wenzangu, nikimlisha kwa nafasi, na uzao wake wa kwanza ulikuwa na viza viwili tu. Dume alikuwa kijana kuliko huyo motley.

Na baada ya uzao huu mpumzishe. Kuzaa kila mwaka kunamchosha, mwaka mmoja wa kupumzika katikati ndio utaratibu wa wengi wanaofuga vizuri.

#10 FundiThamostati
#9 KingoWaPori, jike wangu mnene kuliko wote, aliyekuja kwangu akiwa hivyo hivyo, alizaa vitoto 22 bila kiza hata kimoja. Mafuta ni mabaya kwa ini na moyo, hapo tuko pamoja. Kuyapa lawama ya viza 19 moja kwa moja, sikubali.

@Bi Mwanana, hata kikohozi kina joto lake mama 😀 Turudi kwa wale wawili waliokamilika wakafa. Hao walirutubishwa, walikua hadi mwisho. Hawafi kwa sababu ya wakati wa mbegu. Hao wanafia kwenye joto la mimba. Jike mwenye mimba anahitaji sehemu ya kuota yenye nyuzi 31 au 32, na sehemu ya kukimbilia ikiwa imezidi. Akikosa joto, mimba inachelewa na vitoto vinadhoofika. Akikosa pa kukimbilia na joto likapanda 35, unapata vitoto vilivyopinda uti au vilivyokufa. Viza na vitoto vifu ni matukio mawili tofauti, tusiyachanganye kwenye kapu moja.

#11 NyokaSiAdui
Hapo mwisho umesema kweli tupu. Watu wengi hujumlisha viza na vifu wakapata asilimia ya pamoja ya "hasara", halafu wanatafuta sababu moja.

Gamba Jipya, wale wawili waliinama au kupinda popote? Na utando wao walikuwa wameutoboa?

#12 Gamba Jipya
Walinyooka vizuri. Hawakuutoboa. Nimewahifadhi kwenye friza kama kuna daktari atataka kuwapasua.

#13 Jeni Fiche
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeuliza kuhusu rangi, na jibu linaweza kuwa limejificha humo.

Baba ni motley. Motley ni jeni inayoonekana kwa nakala moja, mtoto hahitaji kuipata kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo kwa baba motley na mama wa kawaida, tunategemea nusu ya watoto wawe motley: madoa ya mgongoni yameungana na kufanya mnyororo wa miviringo, ubavuni kumepungua michoro. Kati ya hao 6 wangapi ni motley?

#14 Mpita Njia
Swali la pembeni kwa Jeni Fiche: niliwahi kusoma kwamba motley wanakufa wachanga. Si ndiyo sababu ya vifu viwili?

#15 Jeni Fiche
Hapana ndugu. Wenye shida ni wanaopata nakala mbili za motley, yaani baba na mama wote wawe motley. Hao huzaliwa weusi na wengi hawaishi muda mrefu. Ndiyo maana watu wenye huruma hawapandishi motley kwa motley. Hapa mama ni wa kawaida, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kupata nakala mbili.

#16 Gamba Jipya
Jeni Fiche umenishtua. Nimetoka kuwaangalia mmoja mmoja. Hakuna motley hata mmoja. Wote sita wana michoro ya mama.

#17 Jeni Fiche
Subirini.

Kwa bahati tupu, watoto 6 kukosa motley wote ni nafasi moja katika 64. Inatokea. Watu wanarusha sarafu na inatokea. Lakini kuna njia nyingine ambayo naona lazima isemwe: pengine baba hana mtoto hapo.

Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya kisayansi kuhusu jike wa boa aliyefugwa na madume, aliyewahi hata kuzaa kwa njia ya kawaida, halafu akazaa watoto wa kike watupu ambao vipimo vya jeni vilionyesha hawana chochote cha dume yeyote aliyekaa naye. Wote walikuwa na rangi ya karameli ya mama yao, rangi ambayo kwa kawaida mtoto anahitaji kuirithi pande zote mbili. Hiyo ni partenogenesisi, jike kuzaa bila mbegu. Madume walikuwepo muda wote, ndicho kinachonifanya nisiridhike na "niliwaona wamefungana mikia".

Wakati ule walidhani boa wana mfumo wa kromosomu za jinsia kama wa ndege, na ikabidi waseme watoto wale wana muundo ambao haukutarajiwa kuwa hai. Mwaka 2017 watafiti wengine wakaonyesha kwamba boa na chatu wana mfumo wa XY, dume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Ikawa rahisi kuelewa: mama ni XX, akizaa peke yake hana Y ya kumpa mtoto, lazima wote wawe majike.

Na watoto wachache wazima katikati ya viza vingi ni sura inayofanana sana na uzao wa namna hiyo.

Kwa hiyo swali ni moja: watoto wako ni jinsia gani?

#18 KingoWaPori
Jeni Fiche, unampeleka mbali kijana wa watu. Dume kapanda, jike kavimba, kajivua gamba, kazaa. Viza vingi na watoto wachache ni sura ya dume mchanga pia. Ni sura ya dume aliyetolewa mapema pia, kama alivyosema Bi Mwanana.

#19 Bi Mwanana
Na mimi naongeza: kama mbegu zilikuwa chache, zilizofika zinaweza kuwa za bila motley kwa bahati. Moja katika 64 si muujiza kwa mtu aliyeona wazao wengi. Ila swali la jinsia ni zuri, linajibika, tulijibu.

#20 Gamba Jipya
Kuna mwenzangu mzoefu kanisaidia leo. Kwa kuminya taratibu chini ya kloaka (tundu la choo na uzazi), watano anasema ni majike. Wa sita anasema "nadhani dume", kitu kilichochomoza kilikuwa kidogo na hakupenda kurudia maana mtoto alikuwa akihangaika.

#21 NyokaSiAdui
Amefanya vyema kuacha. Kuminya mtoto wa nyoka kwa nguvu kunaweza kumjeruhi maisha. Na "nadhani dume" kwa mtoto ambaye hajajivua gamba la kwanza si ushahidi. Tezi za harufu za jike zikichomoza zinaweza kumdanganya hata mzoefu.

Subiri wakue kidogo, kisha mtu anayejua kutumia kijiti cha kupimia jinsia afanye. Kwa dume kinaingia magamba mengi kuelekea mkiani, kwa jike machache. Vikucha vya pembeni mwa kloaka navyo huwa vikubwa kwa madume, ila hilo ni la kuthibitisha baadaye, si kwa vitoto.

#22 FundiThamostati
Au hifadhini magamba watakayojivua. Jeni inaweza kupimwa kwenye gamba kavu, la mama, la baba na la watoto. Hakuna anayeguswa.

Na Gamba Jipya, wale wawili wa kwenye friza. Hao wana rangi gani?

#23 Jeni Fiche
FundiThamostati 👏 swali hilo nilipaswa kuliweka kwenye #13. Kama mmoja wao ni motley, baba yumo, na habari yangu ya 2010 tunaiweka kando kwa huyo angalau.

#24 Gamba Jipya
Nimewatoa na kuwapiga mwanga. Mmoja ni kama mama. Wa pili madoa ya mgongoni yanaonekana yameungana sehemu ya kati, lakini ngozi imekunjamana na rangi imefifia. Ubavuni kuna michoro ya kawaida. Siwezi kuapa ni motley. Siwezi kuapa si motley.

#25 KingoWaPori
Boa wa kawaida wengi madoa mawili matatu huungana. Ubavu ndio unaosema, na ubavu umesema hapana.

#26 Bi Mwanana
Ubavu wa mtoto aliyefia ndani ya utando hausemi kitu KingoWaPori. Mimi nimeona vifu vya motley ambavyo ungeapa ni vya kawaida.

#27 Mganga wa Magamba
Samahani kwa kuchelewa. Natibu wanyama, reptilia wakiwemo. Naona mmegusa kila kitu isipokuwa kirusi.

Boa wanaugua ugonjwa wa vijimwili vinavyojikusanya ndani ya seli, ambao mwaka 2012 ulihusishwa na kundi la virusi vya arena vya reptilia. Boa anaweza kuubeba muda mrefu akionekana mzima kabisa, anakula, anajivua gamba, anazaa. Imeonyeshwa pia kwamba virusi hivi vinaweza kupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni. Sisemi ndicho kilichowaua hawa wawili. Nasema uzao wenye vifu vilivyokamilika ni sababu ya kutosha kupima damu ya mama na baba kabla hujagawa mtoto hata mmoja. Wale wa kwenye friza wana thamani kiasi, ingawa kugandisha huharibu seli, na mara nyingine ni bora maiti ipozwe tu na kuwahishwa.

Hadi majibu yatoke: kila mtoto chombo chake, vifaa visichanganywe, anza kuhudumia watoto kisha ndiyo uende kwa wakubwa. Na angalia utitiri. Unashukiwa kusambaza virusi hivi kutoka nyoka mmoja hadi mwingine.

#28 FundiThamostati
Daktari, anayebeba kirusi anaweza kutoa viza pia, au ni vifu tu?

#29 Mganga wa Magamba
Mnyama yeyote mwenye mzigo wa ugonjwa anaweza kuzaa vibaya. Ila kwa viza vya njano laini vyenye ukubwa sawa, mimi ningewasikiliza kwanza wewe na Bi Mwanana. Kirusi nakiweka kwenye orodha kwa sababu kina madhara makubwa kwa nyoka wengine, si kwa sababu ndicho ninachokiamini zaidi.

#30 Mpita Njia
Nimejifunza mengi leo. Swali la mwisho: kama viza vingekuwa vitoto, mkuu angekuwa na boa 27. Mtu anawapeleka wapi wote hao?

#31 NyokaSiAdui
Hilo ndilo swali ambalo mtu anapaswa kulijibu kabla ya kushusha joto la usiku. Boa akitunzwa anafika miaka 20 hadi 30. Kuna mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia aliyekufa 1977 akiwa amepita miaka 40. Ukimpa mtu mtoto wa boa unampa sehemu ya maisha yake.

Na asitokee mtu wa kusema wakizidi tuwaachie porini. Huko Aruba, Karibea, boa walionekana mara ya kwanza 1999, wakaenea kisiwani wakila ndege na mijusi wa pale, na hadi leo wapo. Puerto Rico nako wameota mizizi. Wale ni nyoka wa mtu mwingine walioachwa au kutoroka.

#32 KingoWaPori
Naunga mkono #31 kwa asilimia zote.

#33 Gamba Jipya
Taarifa fupi. Damu ya mama na dume imechukuliwa, nasubiri. Magamba ya kwanza ya watoto nimeyaweka kila moja kwenye bahasha yake. Watano wameshakula panya wadogo walioota manyoya. Mmoja, yule wa "nadhani dume", anakataa kila ninachompa. Ana nguvu, anauma hewa, lakini panya anampita tu.

#34 Bi Mwanana
Usiwe na haraka naye, na usimlazimishe. Watoto wa boa wanazaliwa na akiba ya kiini tumboni, wiki kadhaa si tatizo kwa mtoto mwenye nguvu. Muweke kwenye chombo kidogo chenye giza na pa kujificha, mpe panya aliyekwisha kufa, mwenye joto, muache naye usiku kucha bila kuchungulia. Asipokula ondoa asubuhi, mpumzishe wiki nzima, jaribu tena. Mpime uzito kila mara uandike. Akianza kupungua ndipo uje na takwimu.

#35 FundiThamostati
Na chombo hicho kidogo, Gamba Jipya, kihisio weka sakafuni upande wa joto. Nyuzi 31, upande wa pili 26. Mtoto asiyekula mara nyingi ni mtoto aliyepoa.

#36 Bi Mwanana
Nilijua utakuja 😀

#37 Jeni Fiche
Gamba la huyo asiyekula lipelekwe la kwanza maabara.